Mwaka Walioniita Mugole

Suti ya Projest iliwekwa mapajani mwangu kabla sijamaliza kutoa pole. Nilikuwa nimekaa uani nyuma ya nyumba yake, kule Muleba, pamoja na wazee wenzangu, tumetandikiwa nyasi mbichi, na mwanawe mkubwa akaja ameibeba suti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Baba amekonda sana, Ta Longino," akaniambia, kwa ile Ta yetu ya kumheshimia mzee. "Ugonjwa umemmaliza. Tukimvalisha hivi inampwaya. Mama amesema wewe ndiye uliyeishona, basi wewe ndiye uipunguze." Nikaishika. Ilikuwa gabadini ya kijivu, na vifungo vilikuwa bado vile vya pembe ya ng'ombe nilivyovichonga mwenyewe. Nikageuza suruali ndani nje, nikaona mshono wangu. Wazee walidhani nimeguswa na kifo cha rafiki. Sikuguswa. Projest hakuwa rafiki yangu, na niseme mapema ili msomaji asikae akingoja nilainike: nilikwenda kwenye msiba ule kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao picha ya Mfalme wa Waingereza ilishushwa ukutani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mjini Bukoba ikapandishwa ya binti wa Mfalme huyo. Kahawa ilikuwa na bei nzuri, kila kijana anataka kuoa, na kila anayetaka kuoa anataka nguo. Nilikuwa nimejifunza kushona kwenye baraza la duka moja mjini, nikikanyaga cherehani ya mtu mwingine na kusimangwa na mtu huyo huyo. Siku nilipopata ya kwangu, kuukuu, yenye gurudumu lililokuwa likilia kama kifaranga, nilijiuliza kwa nini nibaki mjini kulipia chumba. Kama ni baraza, hata nyumbani lipo. Nikaipandisha kwenye lori la kahawa nikarudi nayo kijijini, nikaiweka chini ya upenu, upande unaopata mwanga wa asubuhi. Leo wajukuu zangu wananiambia kuna watu wanaofanya kazi za ofisi wakiwa sebuleni kwao, na wanasimulia kama jambo jipya. Mimi huwasikiliza tu. Nataka kuwauliza kama na wao wamepewa jina.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya miezi ile ya kwanza. Niliamka, nikafagia ua, nikala kiporo cha ndizi na maharage, nikakaa mashineni hadi jua lilipofika usawa wa paa. Hapo niliinuka kunyoosha mgongo, na kunyoosha mgongo ndiko kulikonifanya nigeuke fundi wa kila kitu. Nilisawazisha ua kwa udongo wa kichuguu, nikaushindilia mpaka ukawa mgumu kama sahani. Nikajenga wigo wa matete kuzuia mbuzi wa jirani. Nikaleta mbegu za maua mekundu kutoka misheni ya Kashozi, nikayapanda kwenye madebe yaliyotoboka, nikayapanga kando ya njia, na mama akaniuliza kama yanaliwa. Nikatengeneza kichanja cha kuanikia kahawa, kisha benchi la wateja, kisha banda la sungura ambao sikuwahi kuwa na moyo wa kuwachinja. Alasiri, macho yakichoka na uzi, nilikaa na pembe za ng'ombe nilizoziokota machinjioni, nikizikata kwa msumeno mdogo na kuzisugua kwa majani ya msasa mpaka zikatoka vifungo vyenye mistari ya asali na maziwa. Hakuna aliyeniagiza vifungo hivyo. Nilivipenda tu, nikaviweka kwenye kopo, na mara nyingine nilivimwaga juu ya meza ili nivitazame.

Kosa langu machoni pa watu lilikuwa moja: nilikuwa mwanamume mwenye miguu miwili, na nilishinda nyumbani. Kwetu mwanamume akishapata chai anatoka. Anakwenda mjini, anakwenda ziwani, anakwenda barazani kwa mkuu wa kijiji kusikiliza kesi zisizomhusu, na jioni anapita penye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anayeshinda nyumbani ni mgonjwa, au ni mugole. Mugole ni bibi harusi, na zamani zile bibi harusi wa Kihaya aliwekwa ndani miezi mingi baada ya ndoa, hashiki jembe, haonekani njiani, anapakwa mafuta na kuletewa chakula mpaka anang'aa. Projest ndiye aliyeona kwamba mimi na bibi harusi huyo tunafanana. Alikuwa utingo wa lori lile lile lililoleta cherehani yangu, kijana mrefu mwenye sauti, anayejua habari za Bukoba kabla ya wenyeji wa Bukoba, na kila alipopita juu ya shehena ya magunia aligonga bodi ya lori na kuita kwa lile waitu letu la kumheshimia mkubwa, "Mugole! Waitu, mugole, umeshaoga?"

Mara ya kwanza nilicheka. Mtu akikutania mbele ya watu unacheka, usipocheka ndiyo umeliwa. Lakini jina lilishika. Watoto waliokwenda kuchota maji walinisalimu kwa jina hilo, kisha mama zao, kisha mzee mmoja mwenye heshima zake aliyekuja kutiwa kiraka kwenye kanzu akaniambia, "Asante, mugole," bila kukusudia ubaya wowote. Siku moja ya Jumapili, watu wakitoka misa, Projest alikuja hadi uani kwangu na kundi la vijana. Walikuwa wamebeba mkungu wa ndizi na mganda wa nyasi za kutandika, zawadi anazopelekewa bibi harusi, na walikuwa wakiimba nyimbo za kumtoa mwari ndani. Wakatandaza nyasi mlangoni pangu. Projest akavua kofia, akaniinamia. "Tumekuja kumsalimu mugole. Tumesikia ananenepa." Walikanyaga madebe yangu ya maua wakicheza. Mama alikuwa jikoni na nilimsikia akifunga mlango polepole, na mlango ule ndio ulionichoma kuliko nyimbo zao. Walipoondoka niliyafagia majani yale nikawapa sungura. Nilijiambia siku hiyo kwamba nitamlipa. Sikujua lini wala kwa njia gani, lakini nilijua, na kujua huko kulinipa usingizi mzuri.

Leokadia binti Rwiza alikuja kwangu na kitambaa cha gauni mwezi wa nsenene, wale panzi wa kuliwa. Kwao ilikuwa Izimbya, ila alikaa na shangazi yake kijijini kwetu. Alikaa kwenye benchi langu akachanganya vifungo vya pembe kwa kidole, akatazama maua, akatazama sungura, akasema, "Hapa kwako pametulia, Longino. Mtu anaweza kusikia anachofikiri." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo. Nilikuwa na nsenene niliowakaanga kwa chumvi, nimewaweka kwenye kopo la biskuti. Siku zile mwanamke hali nsenene. Huwakamata, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, kisha wanaume wanakula. Leokadia alitazama kopo, akatazama njiani. "Nipe mmoja," akasema, "nione kama nitaota ndevu." Nikampa. Akatafuna amefumba macho, akaomba mwingine. Alirudi kupima gauni zaidi ya ilivyohitajika, nami nililikosea makusudi ili arudi tena. Kabla ya Krismasi nilivaa shati jeupe, nikamchukua mjomba wangu, tukaenda Izimbya kwa baba yake kuposa.

Ta Rwiza alitupokea vizuri. Tulipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukapewa rubisi. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha taratibu, na alimwacha mjomba aseme maneno yake yote. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye yule wa Muleba anayeshinda nyumbani?" Nikasema nashona, waitu, kazi yangu iko nyumbani. "Nimesikia. Utingo wa lori ametusimulia." Akazungusha macho kwa wazee wenzake ili wajiandae. "Binti yangu akiolewa atakuwa mugole. Na wewe nasikia ni mugole. Sasa ndani ya nyumba wakiwa bagole wawili, nani atamwoa mwenzake?" Walicheka mpaka mmoja akamwaga kibuyu. Mjomba naye alicheka kidogo, kwa adabu, na sikumsamehe mpaka alipokufa. Nyuma ya ukuta wa matete kulikuwa na wanawake wakimenya ndizi na nilisikia visu vikisimama. Najua Leokadia, aliyekuwa amerudi kwao kwa ajili ya posa, alikuwa mmoja wao. Tulirudi kwa miguu, na kabla ya Mwaka Mpya habari ikafika: Leokadia ameposwa na Projest, na Ta Rwiza amekubali.

Na aliyekuja kushonewa suti ya harusi alikuwa Projest. Hakuona aibu. Watu wa aina yake hawakumbuki walichofanya, kwa sababu wao walikuwa wanacheza. Mafundi wa mjini walikuwa wamejaa kazi za harusi, naye alikuwa na haraka, basi akaja na gabadini yake kwapani akakaa kwenye benchi alilokuwa amekalia Leokadia. "Mugole, leo nakuletea kazi ya kiume. Sitaki suruali pana kama za baba zetu. Nataka ya kubana. Nimeiona kwenye picha dukani Bukoba, inashika mguu mpaka chini." Nikamtazama, na moyo wangu ukatulia tuli, kama mtu aliyetafuta ufunguo mwaka mzima akaukuta mfukoni. "Nitakubania," nikamwambia.

Kwetu mkwe anapiga magoti. Siku ya kumchukua bibi harusi, kabla ya kwenda kanisani, bwana harusi anaingia kwa wakwe zake, anapiga magoti kwenye nyasi mbele ya baba mkwe na wazee, anasalimu, na asipoinuliwa haondoki na mtu. Jambo hilo kila mtoto wa Kihaya analijua, hata Projest, ila Projest alikuwa akifikiria jinsi atakavyosimama. Nami nilimpima akiwa amesimama. Nilimsimamisha juu ya benchi, nikamzungusha, nikamwambia nyoosha mgongo, toa kifua, na watu wakajaa uani kumsifia. Sikumwambia akae hata mara moja. Nikashusha mshono wa katikati ya miguu chini zaidi ya inavyotakiwa, nikabana paja, nikabana goti, na gabadini si kitambaa cha kuvutika. Ndani niliacha kitambaa kingi, kwa sababu nilitaka nije niifumue mwenyewe. Na mshono niliupitisha mara mbili. Suruali ikipasuka watu wanacheka, wanamfunika mtu kwa koti, mambo yanakwisha. Mimi sikutaka ipasuke. Nilitaka ikatae. Vifungo nilitoa kwenye kopo vile vizuri kuliko vyote, maana kazi yangu sikutaka ionekane ya chuki. Projest alipoivaa alipendeza kweli, na nilimwonya mbele ya watu: "Usiikalie kabla ya kufika. Itapata makunyanzi wakwe hawajaiona." Akanishukuru.

Alisafiri mpaka Izimbya akiwa amesimama nyuma ya lori lake, ameshika bodi, upepo unapuliza tai, nasi tumekaa miguuni pake kwenye mikeka. Mimi nilikuwa na sindano kwenye ukosi wa shati na wembe mfukoni. Kwa Ta Rwiza nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mpya mpaka mlangoni, zinanukia, wazee wamekaa kwa mpangilio wa umri. Tukakaa. Projest akabaki wima, na watu wakadhani ni maringo ya bwana harusi. Akaitwa mbele. "Mkwe wetu, tukuone," alisema Ta Rwiza, akajiweka sawa kwenye kiti chake apokee magoti. Projest akaanza kushuka. Alishuka kidogo akasimama, mikono imetanuka kama kuku anayeogopa kuruka. Akajaribu tena. Akajaribu kuanza na mguu mmoja, gabadini ikalia ila haikuachia. Jasho likamtoka. Nilisikia mzee mmoja akimuuliza mwenzake, "Huyu anatusalimu akiwa wima?"

"Waitu, suruali," alisema Projest.

"Suruali imefanya nini?" Ta Rwiza alikuwa hacheki tena. "Mimi nimempigia magoti Mukama, mfalme wetu, na baba yangu alimpigia baba yake. Wewe utingo umepewa miguu ya aina gani?"

Mjomba wa Projest alijaribu kumkandamiza mabega. Ilikuwa kazi bure. Ndipo shangazi wa Leokadia, mwanamke asiyependa kupoteza muda, akasema, "Mpelekeni ndani avue, fundi yupo." Wakampeleka chumba cha ndani, kile alichokuwa amekaa Leokadia na wasichana wake akingoja kutolewa, wasichana wakakimbilia upande mmoja wa pazia, yeye akasukumwa upande wa pili, akapewa kanga ya shangazi ajifunge. Suruali ikaletwa kwangu barazani. Niliomba maji ya kunywa. Niliomba kiti chenye mwanga. Niliomba kahawa ya kutafuna, nikaletewa. Nikaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, na kwa kuwa mshono ulikuwa wa mara mbili kazi ilikuwa ya mara mbili. Kutoka ndani nilisikia wasichana wakinong'ona na kubanwa na kicheko. Jua lilihama kutoka kwenye mguu wangu mmoja likaenda kwenye mwingine. Ta Rwiza alitoka mara kwa mara kunisimamia. "Fanya haraka, padri anangoja." Nikamjibu, "Kitambaa hiki hakitaki haraka, waitu."

Nilipomaliza niliikunja vizuri, nikaingia nayo ndani mbele ya wazee wote. Nilikuwa nimevaa kaptura yangu ya kila siku. Nikapiga magoti, yote mawili, taratibu, kwenye nyasi zile, nikamnyooshea Ta Rwiza suruali kwa mikono miwili, nikamsalimu kama anavyostahili. "Kasinge, waitu," nikasema. "Leo ndani kwako una bagole wawili, wamekaa pamoja, wameletewa kila kitu. Nani atamwoa mwenzake?"

 Kisha mzee yule aliyemwaga kibuyu siku ya posa akaanza kutikisika mabega, na nyumba nzima ikapasuka, wanawake nyuma ya matete, wasichana nyuma ya pazia, watu wa kwao Projest na wa kwao Leokadia. Ta Rwiza peke yake hakucheka. Alinitazama na niliona amekumbuka kila neno. Nimeishi muda mrefu, nimekula vizuri, nimeoa mke mwema nikazaa watoto, na bado nikiulizwa saa tamu ya maisha yangu nitasema ile, nikiwa magotini.

Projest alivaa, akapiga magoti, akainuliwa, akaondoka na Leokadia. Hilo sikuweza kulizuia. Lori liliponipita nilimwona Leokadia amekaa amefunikwa kichwa, hakugeuka, na hasira yangu ambayo nilidhani imeshiba ikaniomba chakula tena. Lakini jina liliondoka kwangu siku hiyo likahamia kwa Projest. Alipopita juu ya magunia, watu ndio waliomwita yeye. Alikuja kuwa na kibanja kikubwa cha migomba, akawa mzee wa kanisa, na bado wasiomjua wakiuliza nyumba yake walielekezwa kwa Mugole. Hakukanyaga tena uani kwangu. Mimi niliyapanda maua upya, nikaendelea kushona pale pale chini ya upenu, na kila niliposikia jina lile likiitwa barabarani nilikanyaga cherehani kwa furaha. Padri mmoja aliwahi kuniambia kisasi kinamla mwenyewe. Changu kilininenepesha.

Yote hayo yalinipitia nikiwa nimeshika gabadini mapajani. Kisha mwanawe akaniambia mama ananiita. Leokadia alikuwa amekaa kwenye nyasi chumba cha ndani, karibu na maiti, amejifunga kitambaa cha msiba, amekuwa mwembamba na mdogo. Niliinama kumpa pole. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ambayo wanawake wa kando hawakuisikia, "Umeuona mshono wa zamani?" Nikasema nimeuona. "Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile, Ta Longino. Nilicheka kuliko wote, na aliisikia sauti yangu. Hakunisamehe. Kuanzia hapo hajainama kwa mtu, hata kuokota kitu kilichoanguka mbele yangu." Akamtazama marehemu, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu zamani niliuona uso uliofumba macho kutafuna nsenene. "Ibane," akasema. "Ibane kama ulivyoibana siku ile kwetu."

Nikarudi uani, nikatoa sindano kwenye ukosi. Gabadini ni kitambaa chenye kumbukumbu. Sindano ikishapita, tundu halifungi kabisa, na ndani ambako jua halikuwahi kufika mstari wangu wa kwanza ulikuwa bado unaonekana. Wazee waliokaa nami walisifu mkono wangu kwamba hautetemeki. Nilifuata matundu yale yale, paja kwa paja, na nilipofika kwenye goti niliingia ndani kidogo zaidi, kwa kuwa alikuwa amekonda. Huko anakokwenda kuna Mmoja ambaye kila mtu atampigia magoti, wanasema, hata wafalme. Nilifunga fundo, nikakata uzi kwa meno, kisha nikaanza tena kutoka juu na kuupitisha mshono mara ya pili, isije ikapasuka.